Kujifunza Kuruka Viunzi kwa Farasi: Usalama, Ujasiri na Swali la Kurudi Tandikoni

Mgonjwa aliyeanguka kutoka juu ya farasi mara nyingi huuliza jambo moja kabla hata ya kueleza maumivu yake: atarudi lini tandikoni? Swali hilo lina asili yake. Wapanda farasi wa nchi nyingi wamerithishana ushauri kwamba aliyeanguka apandishwe tena papo hapo, ili hofu isipate nafasi ya kuota mizizi. Kuhusu hofu, ushauri huo una ukweli kidogo ndani yake. Kuhusu ubongo uliotikisika, ni ushauri wa hatari. Mhudumu wa afya anapaswa kuitenganisha hofu na jeraha, na kazi hiyo humwia rahisi zaidi akijua jinsi kuruka viunzi kunavyofundishwa.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki farasi ni mnyama wa mbali. Hata hivyo zipo shule za kupanda farasi katika viunga vya Nairobi na Arusha, na katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya farasi wamefugwa kwa vizazi kadhaa. Kila farasi ana watu wanaomzunguka: mwanafunzi, ambaye aghalabu ni mtoto, mwalimu, na saisi, anayemlisha, kumsafisha, kumtandika, na mara kwa mara kumpanda ili kumfanyisha mazoezi. Yeyote kati yao aweza kufikishwa kwenye zahanati ya jirani akiwa na vumbi mwilini na maelezo machache.

Mwili wa farasi, mwili wa mpandaji

Farasi mzima wa kupandwa huwa na uzito wa kilo 450 hadi 600. Mpandaji akiwa tandikoni, kichwa chake kipo mita 2.5 hivi kutoka ardhini. Mtu anayeanguka kutoka kimo hicho hugonga chini kwa kasi inayokaribia kilomita 25 kwa saa, hata kama farasi amesimama tuli. Farasi akiwa anakwenda shoti kukielekea kiunzi, mwendo wa mbele wa kilomita 20 hivi kwa saa huungana na mwendo wa kuanguka. Kwa hiyo kimo cha kiunzi si kipimo pekee cha hatari: anayeanguka kwenye kiunzi cha sentimita 50 huanguka kutoka mgongoni mwa farasi yuleyule.

Farasi anapokikaribia kiunzi huinua kichwa ili kukipima, huingiza miguu ya nyuma chini ya mwili, kisha hujisukuma juu. Hewani hukunja miguu ya mbele, hunyoosha shingo, na mgongo wake hufanya upinde. Hutua kwa mguu mmoja wa mbele ukifuatwa na wa pili. Shingo ndiyo mizani yake, na mpandaji anayezishika hatamu kwa nguvu wakati huo humnyang'anya mizani hiyo na kumuumiza kinywa kwa lijamu. Farasi aliyeumizwa namna hiyo mara mbili au tatu hujifunza kukataa viunzi, naye mwanafunzi hudhani amepewa mnyama mkaidi.

Macho ya farasi yapo pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, lakini mbele kabisa ya paji lake kuna eneo asiloliona. Ndiyo maana katika hatua ya mwisho huruka kwa kutegemea zaidi alichokiona nyuma kidogo. Rangi nazo hazioni kama mwanadamu. Huitambua buluu na manjano, ila nyekundu, chungwa na kijani humchanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipochunguza jambo hili katika viwanja vya mbio za kuruka vya Uingereza, waliona kwamba rangi ya chungwa iliyozoeleka kwenye viunzi haikuwa wazi machoni pa farasi kama ilivyo machoni pa watu, na tangu 2022 viwanja hivyo vimekuwa vikigeukia rangi nyeupe. Shule yenye uwanja wa udongo mwekundu au wa nyasi inaweza kupata faida hiyohiyo kwa kopo la rangi tu: fito nyeupe au za manjano zitaonekana vizuri zaidi kuliko fito nyekundu.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19 wapanda farasi waliruka viunzi wakiwa wameegemea nyuma, miguu wameitanguliza na hatamu wamezivuta. Aliyebadilisha mkao huo ni Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyezaliwa mwaka 1868. Alitazama jinsi farasi asiye na mpandaji anavyoruka, akafikia uamuzi kwamba mpandaji ndiye anayepaswa kumfuata mnyama: afupishe vikuku, ainue makalio kutoka tandikoni, asogeze uzito mbele, na mikono yake ifuate kinywa cha farasi. Karibu kila mwanafunzi wa leo hufundishwa mkao unaotokana na huo. Caprilli mwenyewe alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, na masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba wakati huo hakuwa akiruka kiunzi.

Kabla ya kiunzi cha kwanza

Wako watu wanaopaswa kuonana na daktari kabla ya kuanza. Miongoni mwao ni mwenye kifafa kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mifupa dhaifu, na mjamzito. Mtoto mwenye dalili za Down anaweza kuwa na ulegevu katika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Kupanda farasi kwa mwendo wa taratibu kunaweza kumnufaisha akiwa chini ya uangalizi, lakini uamuzi juu ya kuruka hauwezi kuachiwa mwalimu peke yake.

Katika mazingira yetu lipo jambo jingine ambalo vitabu vya ughaibuni havilitaji sana. Bandama iliyovimba kwa sababu ya malaria ya mara kwa mara, selimundu au kichocho hutoka nje ya kinga ya mbavu, na inaweza kupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angelistahimili. Kupapasa tumbo huchukua dakika moja. Bandama ikigusika, mtu huyo asiruke kwanza.

Chanjo ya pepopunda ni lazima. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika kinyesi cha farasi, na mchubuko mdogo wa bandani unatosha kuviingiza mwilini. Kwa aliyekamilisha chanjo za msingi, kidonda kichafu kilichopatikana zaidi ya miaka 5 baada ya dozi ya mwisho ni sababu ya kuongeza dozi. Asiyejua historia yake ya chanjo ahesabiwe kuwa hajachanjwa.

Kuhusu vifaa, helmeti hutangulia vyote. Iwe imetengenezwa kwa ajili ya kupanda farasi na iwe na alama ya kiwango kinachotambulika. Ikae sawa juu ya nyusi, isizunguke kichwa kinapotikiswa, na mkanda wake ufungwe kila mara. Ndani yake kuna povu gumu linalopunguza nguvu ya pigo kwa kubonyea. Povu hilo likishabonyea halirudi lilivyokuwa, na kwa nje huenda pasionekane hata mkwaruzo. Kwa hiyo helmeti iliyogonga chini mara moja imemaliza kazi yake. Katika shule nyingi, helmeti za kuazimwa hutundikwa ukutani na hakuna anayejua zilikoanguka. Mzazi ana haki ya kuuliza.

Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipite ndani ya kikuku. Kuburutwa na farasi mguu ukiwa umenasa ni miongoni mwa ajali mbaya za mchezo huu, na kisigino cha sentimita chache hupunguza uwezekano huo. Koti la kinga hulinda mbavu na viungo vya tumboni kwa kiasi, halilindi shingo.

Njia ya polepole

Hakuna idadi ya masomo inayomfanya mtu awe tayari kuruka. Kinachotazamwa ni anachoweza kukifanya: kumsimamisha farasi atakapo, kumgeuza, kwenda matiti na shoti bila kujishikiza kwa hatamu, na kubaki na mizani hata farasi akishtuka kidogo. Mwanafunzi anayezitegemea hatamu ili asianguke bado hajafika, hata kama wenzake wa rika lake wanaruka.

Hatua ya kwanza ni mkao mwepesi. Vikuku hufupishwa matundu mawili hivi, mpandaji huinuka kidogo kutoka tandikoni, uzito ukishuka kupitia magoti hadi visigino, macho yakitazama mbele. Akae hivyo farasi akienda kwa miguu, kisha matiti, kisha shoti, hadi mapaja yazoee. Mkao huu huonekana rahisi. Dakika mbili zikipita huwa mgumu, na mpandaji aliyechoka huanguka mbele shingoni au huketi ghafla kwa kishindo. Mazoezi ya kuimarisha mapaja na misuli ya kiwiliwili, yafanywayo nyumbani bila farasi yeyote, husaidia sana.

Kisha fito hulazwa chini. Kwa mwendo wa matiti nafasi kati ya ufito na ufito huwa mita 1.2 hadi 1.4, kulingana na urefu wa hatua za farasi. Mwanafunzi husikia mwendo ukibadilika chini yake bila hatari ya kuruka, na hujifunza jambo ambalo baadaye litamwokoa: kuingia katikati, kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo usiobadilika. Makosa mengi yanayoonekana juu ya kiunzi yameshafanyika kwenye kona iliyotangulia. Mwalimu mzuri hutumia nusu ya somo kwenye kona hiyo.

Kiunzi cha kwanza huwa fito mbili zilizopishana kama herufi X, katikati pakiwa na kimo cha sentimita 30 au 40. Umbo hilo humwelekeza farasi katikati. Mita 2.5 hivi kabla yake hulazwa ufito mwingine chini, ili farasi aondokee mahali panapofaa bila mwanafunzi kulazimika kukadiria. Mwanafunzi hushika singa za shingo au ukanda uliofungwa shingoni mwa farasi, kusudi mikono isirudi nyuma na kukivuta kinywa. Wengine huona haya kushika singa. Hakuna sababu ya haya: anayeshika singa humlinda farasi, na farasi asiyeumizwa huruka kwa utulivu.

Baadaye huja viunzi viwili vilivyopangwa kwa nafasi ya hatua moja, kisha mfululizo mfupi, na kimo huongezwa mwisho kabisa, sentimita 10 kwa wakati. Hapa ndipo shule nyingi hukosea. Kupandisha ufito ni rahisi, huwafurahisha wazazi na huonekana kuwa maendeleo. Lakini mwanafunzi anayekiruka kiunzi cha sentimita 40 vizuri mara moja kati ya tatu atakiruka cha sentimita 60 vibaya zaidi, na siku moja farasi atasimama ghafla mbele yake.

Farasi anayemfaa mwanafunzi ni mzee kidogo, mtulivu, aliyeruka viunzi hivyo mara elfu. Mpandaji mgeni na farasi mgeni wasifundishwe pamoja. Na mtu asiruke akiwa peke yake, hata awe hodari vipi, kwani hakutakuwa na wa kuita msaada.

Hofu na kazi yake

Hofu ya kuruka ina dalili za mwili zinazojulikana kwa kila muuguzi: pumzi hubanwa, mabega hupanda, vidole hukaza, magoti hubana. Juu ya farasi kila dalili hugeuka kuwa amri. Magoti yanayobana huinua kiwiliwili na kuondoa uthabiti. Mikono iliyokaza huvuta lijamu. Farasi husikia mwili ulio juu yake umekuwa mgumu na hutafuta sababu ya kuogopa. Kumwambia mwanafunzi asiogope hakusaidii. Kumwambia ahesabu hatua kwa sauti kunasaidia, kwa kuwa mtu anayehesabu kwa sauti hulazimika kupumua.

Tiba inayofahamika ya hofu ya namna hii ni kumzoesha mtu kidogo kidogo na kile anachokiogopa, kila hatua ikirudiwa hadi iwe ya kawaida. Mpangilio wa fito ulioelezwa hapo juu hufanya kazi hiyohiyo. Ujasiri wa kudumu hutokana na mambo madogo mengi yaliyokwisha kwa salama. Kumlazimisha mtoto anayelia kukiruka kiunzi huku watu wanamtazama kunaweza kumfanya aruke siku hiyo. Wiki inayofuata hataki kuja, na mzazi huambiwa kwamba mtoto hana moyo.

Hofu pia huweza kuwa na haki. Mwanafunzi anayesema farasi huyu ananishinda mara nyingi anasema kweli.

Anapoanguka

Tarehe 27 Mei 1995, huko Culpeper katika jimbo la Virginia, Marekani, mwigizaji Christopher Reeve alikuwa katika mashindano wakati farasi wake aliposimama ghafla kwenye kiunzi cha tatu. Mikono yake ilinaswa na hatamu, akashindwa kujikinga, akatua kwa kichwa. Alikuwa amevaa helmeti. Pingili mbili za juu za shingo zilivunjika, pumzi ikakatika, na aliishi kwa msaada wa mashine ya kupumulia na kiti cha magurudumu hadi alipofariki mwaka 2004. Hakuwa mgeni wa mchezo. Tukio hilo linatajwa hapa kwa sababu mbili: helmeti huulinda ubongo lakini haiwezi kuizuia shingo isivunjike, na uhai wa aliyeanguka hutegemea dakika za mwanzo.

Aliyepo jirani asikimbilie kumwinua. Mtu mmoja amshike farasi na kumwondoa, mwingine aende kwa aliyeanguka, apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili bila kukigeuza, na amwambie asitikisike. Kisha atazame kama anapumua. Helmeti isivuliwe, isipokuwa inapozuia pumzi. Ikilazimu, kazi hiyo ifanywe na watu wawili, mmoja akiishikilia shingo. Asiyepumua aanzishiwe huduma ya kurudisha uhai hata kama shingo inashukiwa. Kumnyanyua kwa kushika mikono na miguu na kumlaza nyuma ya gari, kama inavyofanyika mara nyingi, kunaweza kuugeuza mvunjiko unaopona kuwa kupooza kwa maisha. Mlango wa banda uliong'olewa, watu wanne na mikanda ya tandiko huweza kutosha kumhamisha akiwa amenyooka, iwapo gari la wagonjwa halipatikani.

Kituoni, historia ya ajali ni sehemu ya uchunguzi. Je, aliangukia mkono, bega au kichwa? Farasi alimkanyaga au kumlalia? Aliyeangukia mkono ulionyooshwa mara nyingi huvunjika kifundo cha mkono au mtulinga. Aliyelaliwa na farasi huenda akafika akitembea na kuzungumza, huku bandama, ini au nyonga ikivuja damu ndani. Apimwe mapigo na shinikizo la damu kila baada ya muda mfupi kwa saa kadhaa, na maumivu ya bega la kushoto pasipo jeraha la bega yakumbushe bandama. Pigo la kwato tumboni kwa saisi lichukuliwe kwa uzito uleule.

Kurudi

Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu apoteze fahamu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuuliza swali lilelile mara mbili, kutokumbuka kiunzi alichoangukia, ukali usio wa kawaida: moja tu kati ya hayo linatosha. Aliye nayo asipande tena siku hiyo. Hapa ndipo ushauri wa kale unapodhuru, kwa sababu ubongo uliotikisika hupunguza wepesi wa kuamua na kujizuia, na mtu huanguka mara ya pili kwa urahisi zaidi. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona linaweza kuleta uvimbe wa ubongo, hasa kwa mtoto na kijana. Anayetapika tena na tena, anayezidi kusinzia, mwenye degedege, udhaifu wa mkono au mguu, au kichwa kinachozidi kuuma, apelekwe bila kuchelewa hospitali yenye kipimo cha CT.

Wasio na dalili hizo za hatari hupumzika kwa kiasi saa 24 hadi 48, kisha huanza kutembea na shughuli nyepesi, wakipanda hatua moja baada ya nyingine mradi dalili hazizidi. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya jamii unaelekeza kwamba mtu asirudi mashindanoni kabla ya siku ya 21, na awe ameshakaa siku 14 akiwa amepumzika bila dalili. Kwa mpanda farasi hatua huweza kupangwa hivi: kwanza kazi za nyumbani na masomo, kisha kutembea na mazoezi ya mwili, dalili zikishaisha kabisa na daktari akiridhika, kupanda kwa mwendo wa miguu, matiti, shoti, fito za chini, na mwisho kiunzi. Muda huo si hasara kwa ujasiri. Aliyeanguka hurudi kwenye fito za chini na kuyaona tena mambo yakiisha salama.

Saisi kwa kawaida hataliuliza swali la kurudi. Ataamka alfajiri na kwenda bandani, kwa sababu farasi wanasubiri kula na mshahara wake uko huko. Cheti chake kikisema tu apewe kazi nyepesi, huenda akapewa kazi ya kuwaongoza farasi kwenda malishoni, nayo huonekana nyepesi kwa asiyewahi kuvutwa na mnyama wa kilo 500. Tabibu aandike waziwazi: asipande, asiongoze, asiingie peke yake katika chumba cha farasi, hadi tarehe fulani.